Tuta Lililovaa Shela

Kuku walikuwa wameshatangulia. Aikaeli aliwafukuza kwa kanga iliyokuwa mabegani, akapiga magoti kwenye tuta la mboga ya mnafu nyuma ya jiko, akaanza kugeuza majani. Mengi yalikuwa na matundu. Mengine yalibaki mishipa tu, kama samaki aliyekwisha kuliwa. Alinyunyiza majivu kutoka kwenye kopo, akakohoa, akanyunyiza tena.

Ndani ya nyumba mtoto alikuwa analia, akinyonya na kuacha, akinyonya na kuacha. Aikaeli alikijua kilio hicho. Mtoto alivuta, na alichokipata hakikumtosha. Alikuwa mjukuu wake wa kwanza wa kike, na kwa desturi alipewa jina la mama wa baba. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na Aikaeli wawili, na wote wawili hawakuwa wameshiba.

Alichuma majani yaliyofaa. Yalijaa kiganja kimoja. Ndiyo ilikuwa mboga ya mzazi siku ile.

Simu ililia akiwa bado amepiga magoti. Ilitoka Kahe.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Mektrida, mama yake Loveness, yule mzazi aliyekuwa ndani.

"Milele amina, mama Loveness. Habari za huko chini?" Aikaeli alikuwa Mlutheri, lakini alikuwa amejifunza kumjibu mkwe wake kwa namna aliyoizoea.

"Joto tu. Mzazi wetu anaendeleaje?"

"Anaendelea. Tunamshukuru Mungu."

"Maziwa yapo?"

"Ananyonyesha," alisema Aikaeli.

Mektrida alilipokea kama jibu la swali jingine. "Basi Jumamosi ya wiki ijayo nakuja kumwona. Nitakuja na mdogo wangu Veronika. Wawili tu, usihangaike."

Huku mlimani heshima ya nyumba hupimwa kwenye mashavu ya mzazi. Mwanamke akijifungua, mama mkwe ndiye anayemlea. Anampikia mtori, anamnywesha maziwa, hamruhusu kushika jembe wala ndoo, mpaka miezi itimie na mzazi atoke nje aking'aa. Watu wakija kumtazama mtoto, macho yao huanza kwa mama. Na mama wa binti akimkuta amekonda, anayo haki ya kusema maneno mawili ambayo hakuna boma linalopenda kuyasikia: namchukua mwanangu. Mektrida alikuwa na haki hiyo zaidi ya wengine. Praygod, kijana wa Aikaeli, hakuwa amefunga ndoa na Loveness kanisani, wala hakuwa amepeleka wazee Kahe kuzungumza mahari. Alikuja naye tu nyumbani jioni moja, mimba ikiwa imeshaonekana, akasema, "Mama, huyu ndiye."

Sasa Praygod alikuwa juu mlimani, amebeba mizigo ya watalii, mahali ambapo simu hushika kwa kubahatisha. Ng'ombe aliuzwa wiki ile Loveness alipopasuliwa hospitalini ili ajifungue. Muuguzi wa kliniki alimvuta kope la chini, akatazama, akasema damu ni ndogo, ale maini, ale mayai, ale mboga za kijani kwa wingi. Maini na mayai yalikuwa maneno ya muuguzi. Mnafu angalau ulikuwa wa nyumbani.

"Nani alikuwa anapiga?" aliuliza Loveness mlangoni. Alikuwa amejifunga kanga mbili na bado alionekana mwembamba ndani yake.

"Mama yako. Anakuja Jumamosi ijayo."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia karibu. Rudi ndani, kuna upepo."

*

Kuku walikuwa wa Kindness, jirani wa upande wa juu. Kindness alikuwa mpambaji wa harusi. Siku za mwisho wa juma alishuka mjini kupamba kumbi za mitaa ya Soweto na Pasua, na stoo yake ilijaa maua ya plastiki, vitambaa vya viti na mataa. Aikaeli alimfuata mchana.

"Kindness, kuku wako wamekula mboga ya mzazi."

"Kuku wangu au wadudu?"

"Wamesaidiana."

Kindness alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. Aliingia stoo, akatoka na fungu kubwa la neti nyeupe, ile wanayoining'iniza nyuma ya viti vya maharusi. Pembeni ilikuwa na mng'aro wa dhahabu, na katikati doa kubwa jekundu.

"Ilimwagiwa soda. Haiendi tena ukumbini. Chukua, tufunike tuta lako. Nimeona kwenye simu, bwana shamba mmoja anaonyesha. Kipepeo anatua juu, anatafuta pa kutagia hapati."

"Na kuku?"

"Kuku nitawaongelesha mwenyewe."

Walikata fito za mwanzi, wakazipinda juu ya tuta mfano wa mbavu, wakazifunga kwa kamba za mgomba. Neti ilikuwa ndefu, wakaikunja mara mbili. Kabla hawajaitandaza, Kindness aliinama, akageuza jani moja.

"Ngoja. Yule bwana alisema kwanza unaosha majani kwa maji ya sabuni, juu na chini. Unakaa siku, unakagua, unaosha tena, ndiyo unafunika. Ukifunika bila kukagua, unamfungia mwizi ndani ya nyumba."

"Nimeshaweka majivu."

"Majivu hayapandi chini ya jani, mama Praygod."

Aikaeli alitazama jua. Ilikuwa zamu yake kupokea jumuiya ya maombi, na watu wangefika saa kumi. Bado hakuwa amefagia, hakuwa amepanga mabenchi, na chai ilikuwa haijabandikwa. "Watu wanakuja sasa hivi. Sitaki wakute tuta la mzazi liko uchi namna hii. Tufunike."

Wakafunika. Kindness alivuta pembe kwa ustadi wa kazi yake, bila kujua akatengeneza na mikunjo. Walizika kingo kwa udongo pande zote, wakakanyaga.

Jumuiya ilipofika, hakuna aliyeingia ndani moja kwa moja. Wote walipita nyuma ya jiko kwanza.

"Mnafu unaolewa lini?" aliuliza mama mmoja.

"Kadi sijaiona," alisema mwingine. "Au mchango tunatoa kwa nani?"

"Kamati inakaa wapi?"

Walicheka, na Aikaeli alicheka nao, kwa kuwa usipocheka watu hujua. Baada ya neno na nyimbo, mwinjilisti Elisaria aliuliza mahitaji ya kuombea. Aikaeli alisimama. Aliogopa kutaja mashavu ya mzazi mbele ya majirani, kwa hiyo alitaja mnafu.

Walitoka wakalizunguka tuta, vichwa vimeinama. Elisaria alinyoosha mkono juu ya ile neti. "Bwana, wewe uliyefunga vinywa vya simba, funga na vinywa vya wadudu hawa. Tunaikabidhi mboga hii mikononi mwako, iwe nguvu kwa mama na maziwa kwa mtoto."

"Amina," walisema wote.

Aikaeli alihisi kitu kizito kimeshuka kutoka mabegani. Aliazimia moyoni kwamba hatalifungua tuta lile mpaka siku ya kuwachumia wageni. Kilichokabidhiwa hakichunguzwi. Aliiona hiyo kuwa ni imani, na kweli ilikuwa na imani ndani yake. Lakini alikuwa pia amechoka kugeuza majani na kuona anachokiona, na hilo hakulitofautisha na imani.

*

Siku zilizofuata alimwagilia kwa kopo lenye matundu, juu ya neti. Maji yalipita. Kwa ndani palionekana kivuli cha kijani tu, na kijani hicho kilimtosha.

"Mama," alisema Loveness, "tufungue upande mmoja tuchume kidogo."

"Tumeshakabidhi."

"Kuchuma nako ni vibaya?"

"Unachuma leo, unachuma kesho, Jumamosi mama yako anakuta vijiti. Vumilia. Uache ukue."

Loveness alivumilia. Alikula mtori wa ndizi uliopikwa na mfupa uliochemshwa mara ya pili. Kila alipopewa bakuli aliuliza, "Wewe umekula?"

"Nilikula nikipika."

"Kila siku unakula ukipika, mama."

"Ndiyo raha ya mpishi. Maliza hicho."

Kindness naye aliuliza kupitia kwenye ua wa masale wa mpakani. "Umeangalia?"

"Sijaangalia."

"Angalia basi."

"Kindness, ukimpa mtu mzigo akubebee, unamfuata nyuma ukiugusagusa?"

"Mimi nikimpa mtu mzigo wa mapambo, namfuata mpaka ukumbini."

Katikati ya juma Aikaeli alitoka na chupa ndogo, akaenda kwenye kituo cha maziwa. Kwa miaka mingi alikuwa akifika hapo na ndoo yake asubuhi, akipanga foleni na wenzake. Foleni ilikuwa ileile. Alisimama nyuma kabisa, chupa ameificha ndani ya kanga. Sifael, mpimaji, alimwona.

"Mama Praygod. Leo umeleta?"

"Sijaleta. Nimekuja kuomba ya mzazi, kama yapo."

Wanawake waligeuka, wakamtazama, kisha wakatazama ndoo zao. Sifael hakuwa mtu mbaya. Alikuna kichwa. "Haya yote ni ya watu, na gari liko njiani. Labda yaliyobaki kwenye kipimo."

Alisubiri mpaka ndoo ya mwisho ipimwe. Sifael akainamisha kile kipimo cha bati juu ya chupa yake, akakigonga chini ili povu lishuke. Mama mmoja, aliyekuwa akiimba naye kwaya, alisema kwa sauti ya upole ambayo iliuma kuliko matusi, "Kulea mzazi bila ng'ombe ni kazi, dada. Sisi wengine tusingeweza."

"Mungu anasaidia," alisema Aikaeli.

"Kweli anasaidia."

Alirudi nyumbani na povu, likashuka njiani likawa maziwa ya vidole viwili.

*

Ijumaa, jua likiwa limeshapasha joto, alifukua kingo za udongo. Alikuwa amechukua ungo mkubwa wa kuchumia. Alivuta neti polepole, kama mtu anayefunua chakula cha wageni.

Harufu ilitoka kwanza, harufu ya majani yaliyolala na maji. Kisha akaona. Mashina yalikuwa yamesimama. Juu yake, mahali pa majani, palikuwa na viwavi wa kijani, wanene, wametulia. Majani machache yaliyobaki yalijikunja, na chini yake vidukari weusi walijaa mpaka jani likawa zito. Ile rangi ya kijani aliyoitazama juma zima kupitia kwenye neti, sehemu kubwa ilikuwa ni wao. Humu ndani kuku hakuweza kufika, wala ndege, wala wale wadudu wekundu wenye madoa ambao huwala vidukari. Walikuwa wamepata shamba lao, na ukuta, na maji kila jioni.

Aliketi chini. Hakulia. Aliokota kiwavi mmoja, akamweka kwenye ungo. Akaokota mwingine. Hakujua anaokota kwa ajili ya nini.

Pikipiki ilisimama njiani. Elisaria alikuwa anapanda kijiji cha juu kwenye msiba, na alipomwona ameketi chini akaingia, kofia ngumu bado iko kichwani.

"Mama Praygod, kuna nini?"

Alimwonyesha kwa kidevu.

Mwinjilisti alitazama muda mrefu. Alikuwa na uso wa mtu ambaye juma lile alikuwa amezika zaidi ya alivyobatiza. "Siku zote hizi hukuangalia?"

"Tulikabidhi, mwinjilisti. Niliona nikifungua nitakuwa nimemjaribu Mungu."

"Nani alikwambia hivyo?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia Aikaeli hivyo.

Elisaria alivua kofia. "Mimi nawaombea watoto wa kipaimara wafaulu, mama. Na bado nawauliza maswali. Nikiwaombea bila kuwauliza, siku ya askofu tungeaibika wote." Alisita, akaona kwamba alikuwa amesema sawa lakini hakuwa amesaidia kitu. "Nilipaswa kuuliza siku ile kama umekagua. Niliona watu wanacheka, nikaona nimalize kwa maombi."

"Wanakuja kesho."

"Nani?"

"Wa Kahe. Wataniambia wanamchukua."

Mwinjilisti aligeuza kofia mikononi. Msibani walikuwa wanamsubiri. "Nikuombee?"

"Hapana," alisema Aikaeli, na yeye mwenyewe alishangaa kusikia. "Leo niache tu, mwinjilisti. Wahi msiba."

Alipoondoka, Aikaeli aliirudisha neti juu ya fito, akazika kingo tena, akakanyaga. Kwa mbali bado ilikuwa nzuri. Jioni Kindness alikuja ameshika kuku miguu, kichwa chini. "Huyu ndiye aliyeanza kula mboga," alisema. "Basi na yeye aliwe. Usinishukuru, nitaghairi."

*

Walifika kabla ya saa sita, kwa gari dogo walilokodi, likabaki barabarani. Mektrida alikuwa mnene, mwenye mwendo wa taratibu, na kichwani alikuwa na mfuko wa mchele. Veronika alikuja nyuma na madumu ya maziwa na ulimi wake.

"Karibuni, karibuni sana. Pokea mzigo, Kindness."

"Tumekaribia, mama Praygod. Pole na kulea."

"Kulea si kazi."

Mektrida alimkuta Loveness amekaa kitandani, amevaa gauni lililopigwa pasi. Loveness alikuwa amejipaka mafuta mengi usoni ili ang'ae. Mama yake alimkumbatia, na mikono yake mizito ikapita mgongoni kwa binti, ikasimama kwenye mbavu, ikaendelea. Alimchukua mtoto, akamnusa kichwani, akampima uzito kwa kumwinua mara mbili. Kisha, kama anayemfuta mwanawe jasho, akamvuta kope la chini.

"Muuguzi naye alifanya hivyo," alisema Loveness.

"Akasema nini?"

"Alisema nile."

"Na unakula?"

"Nakula, mama. Mama ananipikia kila siku."

Aikaeli alileta chakula. Ndizi zilipikwa na yule kuku, zikanukia nyumba nzima. Hakukuwa na sahani ya mnafu. Kila mwanamke aliyekuwa mle ndani alijua kwamba sahani hiyo haipo, na pengo lake lilionekana mezani kuliko sahani zilizokuwepo.

Veronika aliomba kuonyeshwa choo. Kilikuwa nyuma ya jiko. Alikawia. Kisha sauti yake ikasikika kupitia dirishani.

"Dada, njoo uone maajabu. Mnafu wa huku umevaa shela." Alicheka. "Sijui Loveness wetu alivaa lini. Au kwa Wachagga wa huku mboga ndiyo huolewa kwanza?"

"Veronika," alisema Mektrida bila kupaza sauti, "choo umekiona. Rudi."

Lakini Veronika alikuwa ameshainama, na neti alikuwa ameshaishika. Aliporudi alikuwa hacheki. Alikaa, akafuta vidole kwenye kitenge. "Bibi harusi wenu ni mifupa mitupu, mama Praygod. Ameliwa amebaki vijiti."

Kindness alitaka kujibu. Aikaeli alimgusa goti.

"Ni kweli," alisema Aikaeli. "Mboga imeliwa. Nilifunika bila kukagua. Wadudu walikuwa ndani."

"Na mwanetu?" alisema Veronika. "Naye mlimfunika?"

"Veronika, kaa," alisema Mektrida.

"Nimekaa, dada."

"Kaa na mdomo."

Mektrida alisogeza sahani yake. Alikuwa amekula vizuri, kwa heshima ya mpishi. "Mama Praygod, sikuja kugombana. Ninyi si watu wabaya. Lakini nina macho. Niseme?"

"Sema, mama Loveness."

"Namchukua mwanangu. Mpaka arudishe mwili. Kahe joto ni kali, lakini ng'ombe wawili wanakamuliwa, na mchicha unaota mferejini bila kuitwa."

Loveness alimvuta mtoto kifuani. "Mimi sitoki hapa mpaka mama aseme."

"Mama yupi?" aliuliza Veronika.

"Huyu aliyenilea."

"Amekulea na nini?"

"Na chakula chake," alisema Loveness. Alimtazama mama yake mdogo machoni. "Anasema amekula akipika. Hajala. Na mimi nimemwacha aseme hivyo juma zima, kwa sababu nilikuwa na njaa."

Aikaeli alitazama mikono yake. Alikuwa na jibu. Angeweza kusema, tumsubiri Praygod. Mwenye mke hayupo, mambo ya boma hayaamuliwi na wanawake mezani. Mektrida angelazimika kuliheshimu jambo hilo, wageni wangeshuka kama walivyopanda, na majirani wasingeona mzazi akitolewa nyumbani kabla ya miezi kutimia. Alikuwa amelitunza jibu hilo tangu siku ile ya simu. Lilikuwa mdomoni.

Mtoto alianza kunyonya. Alivuta, akaacha, akalia. Akavuta, akaacha.

"Nenda," alisema Aikaeli.

"Mama."

"Nenda, mwanangu. Nimekaa juma zima sitaki kuangalia. Leo nimeangalia. Mtoto hashibi." Alimgeukia Mektrida. "Sikupi kwa sababu nimeshindwa kusema. Nakupa kwa kuwa maziwa yapo kwenu."

Mektrida aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi tangu asubuhi, na sasa hakujua maneno yale mengine ayaweke wapi. "Nitamrudisha," alisema mwishowe. "Mwenyewe, kwa mkono wangu. Lakini Praygod akishuka, mwambie aje na wazee. Wasije mikono mitupu." Akafikiri. "Hata wakiwa nayo mitupu, waje."

"Nitamwambia."

"Atanikasirikia?" aliuliza Loveness.

"Atanikasirikia mimi. Chandarua cha kliniki usikisahau, Kahe kuna mbu."

Walifungasha haraka, maana vitu vilikuwa vichache. Aikaeli mwenyewe alimbeba mjukuu mpaka barabarani. Njiani watu waliokuwa wakipalilia walinyoosha migongo kutazama. Yule mama wa kwaya alikuwa kwenye geti lake. "Mnaenda kliniki?" aliuliza.

"Hapana," alisema Aikaeli. "Mzazi anakwenda kwao. Huku kwangu maziwa hayatoshi."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya chumvi. Yule mama alifungua mdomo, akaufunga, akasogea pembeni wapite.

Loveness alipanda gari. Dirishani alimshika mama mkwe mkono, akaubana, hata dereva alipowasha gari hakuuachia mara moja. Veronika, aliyekuwa kiti cha nyuma, alishusha dumu moja la maziwa, akaliweka ardhini karibu na miguu ya Aikaeli, akafunga mlango bila kumtazama.

*

Kindness alikuwa anaosha vyombo aliporudi. Chumba cha mzazi kilikuwa wazi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa.

"Wameshuka?"

"Wameshuka."

"Nimesikia ulivyosema pale getini. Mtoto wa jirani alikuja mbio kuniambia. Kesho kanisani watasema."

"Watasema. Ni kweli, waache waseme."

Kindness alifuta mikono. "Kuna bakuli la mzazi jikoni. Hakulimaliza. Nilifunike?"

Aikaeli alisimama kidogo mlangoni. Tangu mtoto azaliwe bakuli lile halikuwahi kulala na chakula, na mara zote aliyelimaliza alikuwa Loveness. Ndizi zilikuwa zimepoa, zikashikana. Juu palikuwa na paja la kuku ambalo alikuwa amelichagua yeye mwenyewe.

"Lete hapa," alisema. "Na kijiko kingine, tule wote."

"Mimi nimeshiba. Wewe kula."

Aikaeli aliketi kwenye kigoda. Alilipakata bakuli, akafumba macho kama alivyozoea kabla ya chakula. Kindness naye akafumba, akisubiri maombi marefu, maana alimjua. Hayakuwa marefu. Alitaja jina la Loveness, akataja jina la mtoto ambalo lilikuwa lake pia, akasema amina, akafungua macho, akala.